Bondia wa miaka 37 anataka pambano kubwa: asubiri, asafiri, apande uzito au atundike glovu?

Jumanne alfajiri tulimpima bondia wangu, Bingwa, kwenye mzani wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mzani wa jimu umekufa tangu wiki iliyopita, na mama mmoja muuza dagaa ni shabiki wake wa siku nyingi, kwa hiyo alituachia wa kwake kabla wachuuzi hawajajaa. Bingwa akavua viatu, akavua fulana, akapanda. Namba zikachezacheza, zikatulia kwenye 78.4. "Ee mwanawane, huyu sangara wa kupeleka Ulaya!" mama akasema, na waliokuwepo wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Mkanda anaoushikilia ni wa supa welta, mwisho kilo 69.85. Kilo nane na nusu zimezidi, na mwenye nazo ametimiza miaka 37 mwezi uliopita.

Mimi ndiye kocha wake, ninayemshikia pedi za kupokelea ngumi mazoezini. Wiki hiyo simu yake ilikuwa na ujumbe wa wakala wa Uingereza, ujumbe wa promota wa Dar, na ushauri wa kila mtu aliyewahi kufunga bendeji mkononi. Huyu anasema subiri, zamu yako inakuja. Yule anasema panda ndege, kaka, umri haukusubiri. Shemeji, yaani mkewe, hakusema chochote. Aliuliza tu kama mkataba una bima.

Nimeziweka njia hizo pamoja hapa kwa sababu Bingwa si peke yake. Kuanzia Mabatini hadi Igoma, na hata ng'ambo ya ziwa kule Bukoba na Musoma, kuna mabondia wenye mkanda ukutani na hamu ya pambano moja kubwa kabla mambo hayajaisha.

Kwanza tukubaliane kipimo. Watu wanapima kwa miaka, mimi napima kwa raundi. Bingwa amepigana mara 34, na ulingoni amecheza raundi 214. Lakini kila pambano tulikuwa na raundi kama 70 za sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi. Zidisha mara 34: ni raundi 2,380 ambazo hakuna tiketi iliyouzwa wala jina lililoandikwa gazetini. Shabiki anahesabu zile 214, kichwa kinahesabu zote. Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi, malipo nayaweka swali la pili. La kwanza ni hili: njia hii itakula raundi ngapi kabla ya kumfikisha kwenye pambano analolitaka? Mvuvi wa dagaa anapojaza mafuta kwenye galoni anajua nusu ni ya kurudi.

Kusubiri zamu

Hii ndiyo njia ya heshima, na ndiyo inayodanganya watu wengi. Vyama vinne ndivyo vinavyotambulika zaidi duniani: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila kimoja kina orodha yake, na bingwa wa chama kwa kawaida anatetea mkanda dhidi ya mtu aliye ndani ya 15 bora. Wa juu kabisa akiteuliwa kuwa mpinzani wa lazima, bingwa hana ujanja, ama apigane naye ama auachie mkanda. Mtu wa Mwanza anaingia kwenye orodha hiyo kwa kuchukua mikanda ya Afrika iliyo chini ya vyama hivyo, kuitetea, halafu kushinda pambano la mchujo. Kwenye karatasi ni ngazi nzuri kabisa.

Tatizo ni kwamba ngazi hiyo inapandwa kwa raundi. Mkanda wa Afrika, utetezi mmoja au miwili, mchujo: hayo ni mapambano manne na kambi nne, sparingi kama raundi 280, ndipo uitwe mpinzani wa lazima. Na ukishaitwa, bingwa anaweza kuumia, anaweza kupewa ruhusa ya kuunganisha mikanda kwanza, au promota wake akakulipa ukae pembeni. Kijana wa miaka 25 akikaa pembeni mwaka mmoja anapumzika. Wa 37 anazeeka.

Wanaotetea njia hii hupenda kumtaja Archie Moore, bondia wa Marekani wa zamani. Ni kweli, alisubiri miaka mingi, akaandikia waandishi wa michezo barua akidai nafasi, hadi Desemba 1952 akapewa Joey Maxim, bingwa wa dunia wa laiti hevi, na kumshinda kwa pointi. Wanachokiacha ni bei. Maxim alihakikishiwa dola 100,000 na Moore akaondoka na dola 800. Faida aliipata baadaye, kwa kuwa alikaa na ubingwa ule karibu miaka kumi. Swali ni kama Bingwa ana miaka kumi. Mimi najua hana hata minne.

Halafu kuna Manny Pacquiao, bondia nguli wa Ufilipino, ambaye Julai 2025, akiwa na miaka 46, alirudi moja kwa moja kwenye pambano la mkanda wa WBC dhidi ya Mario Barrios na kutoka sare. Vijana wa jimu wanamtaja kama dawa ya kila kitu. Yule alipewa nafasi kwa sababu ni Pacquiao. Mkanda wetu wa kitaifa hauna jina la namna hiyo, tusijidanganye.

Kuitwa nje

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa inaponukia na ndipo watu wanapoumia.

Ujumbe wa wakala ulikuwa mfupi: raundi nane, kilo 71, mpinzani kijana ambaye hajapoteza pambano, siku 19 kuanzia leo. Soma tena siku hizo. Kijana yule amekuwa kambini miezi miwili, mpinzani wake wa kwanza amejitoa, na sasa anatafutwa mtu mwenye rekodi inayopendeza kwenye bango na miguu iliyochoka. Ukiwa na mkanda na miaka 37, unafaa kuliko wote.

Pesa waliyotaja sitaitaja, lakini tuchukue dola 10,000 kwa mfano. Kwa desturi ya ngumi kocha anachukua asilimia 10, na meneja anaweza kufika theluthi. Uingereza nayo hukata kodi ya asilimia 20 kwa mwanamichezo mgeni kabla hela haijamfikia. Toa 1,000, toa 3,300, toa 2,000. Imebaki 3,700, na hapo hujalipa viza, vipimo vya damu vya VVU na homa ya ini, picha ya MRI ya kichwa ambayo Waingereza wanaidai kila mwaka, na nauli za kwenda na kurudi Dar kushughulikia karatasi. Mara nyingi promota hulipa tiketi mbili za ndege na hoteli. Nasema mara nyingi, kwa sababu kuna safari moja tulifika uwanja wa ndege tukakuta tiketi ni moja, na mimi nikarudi Mwanza kwa basi na begi la glovu mapajani. Bingwa alipigana huku kona yake, yaani wasaidizi wa pembeni mwa ulingo, ikiwa ya watu asiowajua. Tangu siku ile tiketi mbili naziona kwa macho kabla hatujasaini.

Hata hivyo siikatai njia hii. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham akiwa haonekani kabisa kwenye hesabu za wenyeji, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya 2. Usiku mmoja ulimfungulia milango ambayo mapambano kumi ya nyumbani yasingefungua. Miaka minne baadaye alirudi Uingereza, safari hiyo Liverpool dhidi ya Liam Smith, na likaisha raundi ya 4 kwa upande wa mwenyeji. Nchi ni ileile na safari ni ileile, ila Eggington na Smith hawakuwa wa daraja moja. Nje si mahali, nje ni mtu unayepewa.

Kwa bondia mwenye umri mkubwa mfano wangu ni Glen Johnson, Mjamaika aliyepigana popote alipoitwa na kunyimwa pointi mara nyingi ugenini. Alipoingia ulingoni na Roy Jones Jr. Septemba 2004 huko Memphis alikuwa na miaka 35 na vipigo tisa kwenye rekodi. Alimwangusha raundi ya 9. Desemba mwaka huohuo akamshinda Antonio Tarver. Ila angalia jambo ambalo watu hulipita: Johnson hakuitwa kwa siku 19. Alikuwa fiti mwaka mzima, na Februari ya mwaka ule alishakwenda Sheffield, akamshinda Clinton Woods mbele ya watu wake na kuchukua mkanda wa IBF.

Kwa hiyo njia hii inakula raundi chache kuliko zote. Kambi moja na raundi nane vinatosha kujua kama mlango upo. Lakini ukiingia bila maandalizi, hizo nane zina uzito wa 80 za jimu, na kipigo kibaya kimoja kinakushusha kutoka mtu wa kupewa pambano hadi mtu wa kujazia ratiba. Ukifika huko hupandi tena. Wiki tatu kwa kijana ni sawa, kwa mzee jibu ni hapana.

Kupanda uzito

Turudi kwenye mzani wa dagaa. Pambano lake la mwisho Dar nililala naye chumba kimoja nyumba ya wageni. Usiku wa kuamkia kupima uzito alikuwa amevaa nailoni ndani na sweta mbili juu, anatembea kutoka kitanda hadi mlango, kitanda hadi mlango, akitema mate kwenye chupa ya maji isiyo na maji. Ulimi ulikuwa mweupe kama chokaa. Saa tisa usiku msuli wa paja ulimkaza akapiga yowe hadi mwenye nyumba akaja kugonga. Kesho yake asubuhi alisoma 69.8, watu wakapiga makofi. Pambano alishinda. Ila kuanzia raundi ya 7 miguu haikuwepo, alishinda kwa mkono wa kushoto na ujanja, na aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu wa kutisha.

Madaktari wa ngumi wanaonya kuhusu jambo hili kuliko mashabiki wanavyojua. Mtu akijikausha namna ile, kichwa kinaingia ulingoni kesho yake kikiwa hakijarudishiwa maji yake yote, na ngumi ileile inakuwa hatari zaidi. Mwili wa miaka 22 unarudisha maji haraka. Huu wa kwetu ulikunywa usiku mzima na bado mkojo ulikuwa rangi ya chai.

Uzito wa kati mwisho wake ni kilo 72.57. Kutoka 78.4 ni karibu kilo sita, na hizo zinashuka kwa wiki sita za kukimbia kutoka Kirumba hadi Bwiru, kuacha ugali wa usiku na kula sato wa kuchemsha. Nailoni haihitajiki.

Bernard Hopkins ndiye shahidi mkubwa wa njia hii. Alitawala uzito wa kati kwa utetezi 20, akapoteza mara mbili kwa Jermain Taylor mwaka 2005, na watu wakasema amekwisha. Juni 2006, akiwa na miaka 41, aliruka madaraja mawili hadi laiti hevi, kilo 79.38, akamshinda Tarver. Mei 2011 alimpiga Jean Pascal huko Montreal na kuwa bingwa wa dunia mwenye umri mkubwa kuliko wote, miaka 46. Rekodi hiyo aliichukua kwa George Foreman. Hopkins hakupanda ili apige kwa nguvu zaidi. Alipanda ili aache kujikausha, na kwa sababu watu wazito huwa wazito pia wa miguu. Mzee mwenye akili anampata mtu wa namna hiyo.

Upande wa pili yuko John Mugabi wa Uganda, mtu wa ziwa hilihili. Hakuwa mzee, lakini somo ni lilelile. Alitoka supa welta akapanda kumfuata Marvin Hagler Machi 1986 huko Las Vegas, akiwa amemaliza kila pambano lake kwa KO. Hagler alizipokea zile ngumi, akazivumilia, akammaliza raundi ya 11. Ngumi iliyowaangusha watu wa kilo 69 haikuwa na madhara yaleyale kwa mwenye kilo 72 aliyekaa uzito huo miaka yote. Mugabi alishuka tena na mwaka 1989 akachukua mkanda wa WBC wa supa welta dhidi ya René Jacquot, aliyeshindwa kuendelea raundi ya 1 kwa kuteguka kifundo cha mguu. Bahati nayo ina uzito wake.

Basi uliza bondia wako anashindaje. Kama anashinda kwa konde moja la kulia, kupanda kutampunguzia silaha. Kama anashinda kwa mkono wa kushoto, kwa kusogea na kwa kusoma mtu, kupanda kutamwongezea maisha. Bingwa zamani alikuwa wa kwanza. Nikishusha pedi tu, ule wa kulia ulishafika. Siku hizi nasikia pumzi kwanza, ngumi inafuata. Lakini wa kushoto bado haujachelewa hata siku moja.

Pambano la nyumbani

Promota wa Dar anamtaka apigane na kijana anayesumbua mitandaoni, uwanja ujae, kila mtu afurahi. Sitaki kudharau. Agosti 2013 Francis Cheka wa Morogoro alimpiga Mmarekani Phil Williams palepale Dar na kuchukua mkanda wa WBF, na mabondia wengi hawajawahi kupokelewa vile na watu wao. WBF haimo kwenye vile vyama vinne, lakini muulize aliyekuwepo ukumbini kama alijali.

Faida yake ni kwamba hakuna viza, hakuna majaji wa ugenini, na mashabiki ni wako. Hasara yake ni moja lakini nzito: kijana akishinda anapanda kwa jina lako, wewe ukishinda umempiga mtoto. Na raundi unazocheza ni ngumu kuliko za kigeni, kwa sababu kijana wa hapa hapigi ili apate pointi, anapiga ili aingie kwenye hadithi. Ningeikubali kwa sharti moja, kwamba malipo yote yawe mkononi kabla ya kupima uzito, siyo ahadi ya mlangoni. Mapato ya mlangoni nimeyaona yakiyeyuka usiku wa mvua kama barafu ya sangara juani.

Kutundika glovu

Vijana hawapendi nikiitaja, lakini lazima iwemo kwenye ulinganisho. Muhammad Ali alipoingia kwa Larry Holmes Oktoba 1980 alikuwa na miaka 38. Kona yake ilisimamisha pambano baada ya raundi ya 10, na hata hapo hakuacha, alipigana tena na Trevor Berbick Desemba 1981 na kupoteza. Mwaka 1984 aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Hopkins niliyemsifia hapo juu naye aliongeza moja zaidi: Desemba 2016, miaka 51, Joe Smith Jr. alimtoa nje ya kamba.

Na kustaafu hakufungi mlango kabisa. Foreman aliacha mwaka 1977, akarudi 1987, na Novemba 1994 akiwa na miaka 45 alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10 wakati majaji wote watatu walikuwa wanampa Moorer. Ila miaka ile kumi hakupigwa hata ngumi moja. Kichwa chake kilipumzika. Wanaomtaja Foreman ili waendelee kupigana wamesoma hadithi yake kinyumenyume.

Kufundisha kunalipa kidogo, nasema nikijua, maana nakula humo. Bondia mwenye jina akifungua jimu Buzuruga au Pasiansi atapata watoto wengi na ada chache. Wengine huchanganya na bodaboda au ulinzi. Kama hujaweka akiba ya mapambano matano ya mwisho, njia hii inaanza na njaa.

Nilichomwambia

Kusubiri nimekufuta, raundi ni nyingi mno. Siku 19 nimezifuta. Pambano la Dar nimeliweka akiba. Kilichobaki ni kuunganisha mbili, apande hadi kilo 72.57 na aende nje, lakini kwa wiki sita, raundi kumi, na mpinzani aliye ndani ya 15 bora ya chama kimojawapo, hata kama ni wa 14. Akishinda huyo, naye anaingia kwenye orodha bila kupanda ngazi yote. Safari mbili tu, siyo tatu. Na kabla ya kusaini chochote, picha ya kichwa, kwa hela yetu wenyewe, tusomewe na daktari asiyemjua promota. Picha ikiwa na shaka, hata ofa ya dola 100,000 hatuijibu.

Kuna dalili tatu nilizoziandika ukutani jimu kwa chaki, na shemeji amezipiga picha: akipoteza sparingi tatu mfululizo kwa kijana mmoja, akisahau mpangilio wa pedi aliouzoea miaka kumi, au akiamka na kichwa kinachouma siku mbili baada ya mazoezi mepesi. Moja ikitokea tunasimama, hata kama tiketi zimeshakatwa. Bingwa aliuliza nani atahukumu. Shemeji akasema, "Mimi."

Jioni tulimjibu wakala. Wiki sita, kilo 72.57, raundi kumi, tiketi mbili, bima. Alisoma palepale. Saa mbili usiku akaandika kwamba kijana wake hawezi kusubiri, ila ana mtu mwingine wa uzito wa kati anayehitaji mpinzani mwezi wa tatu, na akauliza Bingwa anapima kilo ngapi leo. Bingwa akanitazama. Nikamwambia asimtajie ile namba ya Mwaloni.